Slaister si scutter: maneno ya kaskazini kwa kazi iliyolipuliwa

Barua za safari hii zimeangukia pamoja. Wasomaji wanauliza maneno ambayo Waskoti na watu wa kaskazini mwa Uingereza huyatumia kwa kazi chafuchafu, kazi iliyolipuliwa, kazi ya bora liende. Kwa wasiojua, nilikuwa fundi rangi Aberdeen, Uskoti, kwa miaka 11, kisha nikavuka mpaka nikafanya kazi hiyohiyo Northumberland, kaskazini mwa Uingereza, miaka 8. Maneno haya sikuyapata kwanza kwenye kamusi. Niliambiwa, mengine nikiwa juu ya ngazi na brashi mkononi.

SWALI: Shikamoo Mzee. Nafasiri kumbukumbu za familia moja ya wavuvi wa pwani ya Aberdeenshire. Kuna mama anamwambia mwanawe anayepaka rangi mashua, "Dinna slaister." Ukurasa wa pili babu anaiita kazi ya kufumua nyavu zilizojisokota "a scutter". Mbele kidogo tunaambiwa mjomba "connached the hale job". Kamusi zangu zinanipa jibu lilelile kwa yote matatu: kuharibu kazi. Nimeandika "boronga" kila mahali, lakini nikisoma tena naona hapana ladha. Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Umekosea kwenye hiyo "kila mahali". Kuboronga ni neno zuri, ila linasema tu kwamba kazi imeharibika. Maneno hayo matatu yanasema imeharibikaje, na kwa fundi hilo ndilo jambo lenyewe.

Nianze na slaister, maana ndilo la kwanza kuniangukia. Mwezi wangu wa kwanza kazini nilipewa ngazi za jengo la ghorofa tatu, la mawe ya graniti kama yalivyo majengo mengi ya mji ule. Nilitaka waone kwamba nina mwendo. Nikawa nachovya brashi mpaka shingoni, naibandika ukutani, naivuta, nachovya tena. Ilikuwa rangi nyeupe ya mafuta. Kufika wakati wa chai imechuruzika hadi kwenye ubao unaozunguka chini ya ukuta, na matone yameanza kushika ngozi. Msimamizi wetu, mtu wa miaka sitini na kitu, hakusema neno kwanza. Alichuchumaa, akaweka kidole gumba juu ya tone moja lililokauka juu na kubaki bichi ndani, akalibonyeza. Likapasuka. Akanionyesha gumba jeupe, kisha akasema: "Fit a slaister, min."

Waskoti wengi kwa "nini" husema "whit". Aberdeen na mashamba yake ile sauti ya mwanzo hugeuka f, ndiyo maana ya "fit". "Min" ni "bwana". Kwa hiyo aliniambia: slaister gani hii, bwana! Niliona aibu sana, na jioni tukiosha brashi nikamwomba anieleze lile neno. Akanieleza kwa utaratibu, kama mtu anayemfundisha kijana kushika patasi. Slaister lazima iwe na majimaji. Ukikata ubao ukaenda kombo, hiyo siyo. Lakini rangi, uji, tope, lipu mbichi, maji ya kufulia, mchuzi, chochote kinachomwagika na kupakaa na kuchuruzika, hapo ndipo mahali pake. Mtoto aliyekula uji ukamfika kwenye nyusi amefanya slaister. Anayefua na kuacha sakafu nzima inaelea maji, naye vilevile. Hata mtu mwenyewe mwenye tabia hiyo huitwa slaister.

Kwa hiyo yule mama wa kitabu chako hamwambii mwanawe "usiharibu". Anachotaka ni rangi isitapakae. Mimi ningeandika: "Usinitapakazie rangi." Ile -ni- inaleta sauti ya mama mwenye nyumba yake, na kutapakaa kunarudisha umajimaji ambao "boronga" imeuacha nje.

Sikiliza pia mwanzo wa neno. Slaister, slitter, slairg, slart: yote yanafungua na sl, na kila moja lina kitu cha majimaji au kinachopakaa. Slitter utaisikia zaidi penye chakula, mchuzi umedondokea kifuani. Slairg ni kupaka kitu kizito kwa wingi bila mpango, iwe lipu, tope au siagi kwenye mkate. Slart utaikuta Yorkshire, nayo ni kupakaza au kurushia uchafu. Kiswahili hatuna maneno yanayoanza na sl, lakini mtindo huo wa sauti kubeba maana tunaujua tangu utotoni. Mtu amelowa chepechepe. Nguo ziko chapachapa. Ugali umekuwa rojorojo. Sikio linapata unyevu kabla akili haijauliza maana. Ukipata mahali pa kuingiza moja ya hizo, ingiza bila kusita. Mwandishi wako angefurahi.

Scutter ni jambo jingine kabisa. Ni neno la kaskazini-mashariki ya Uskoti, na lina sura mbili zinazoishi pamoja: kufanya kazi kwa kuparuzaparuza na kuchafua, na pia ile kazi yenyewe inayokera, ya vitu vidogovidogo, inayokula siku na jioni huoni ulichofanya. Nililielewa siku niliyopewa dirisha la zamani lenye vioo 12 ili nikwangue rangi kuukuu pembeni mwa kila kioo. Rangi ilikuwa tabaka juu ya tabaka. Ukiingiza kwangulio kwa nguvu kioo kinapasuka, ukienda polepole saa inakwenda na wewe. Msimamizi yuleyule akapita, akatazama, akatikisa kichwa: "Fit a scutter." Safari hiyo alikuwa ananionea huruma. Lawama ilikuwa ya dirisha. Babu wa kitabu chako, na nyavu zake zilizojisokota, yumo humohumo. Usimfanye aseme ameharibu kitu. Mpe "kazi ya kula siku", au mwache aseme, "Nyavu hizi zinanila siku nzima."

Na connach? Hiyo haina kurudi. Slaister unafuta kwa kitambaa na tapentaini. Scutter ukivumilia inakwisha. Kilicho-connachiwa kimekwenda. Nakumbuka mlango wa mwaloni, mzee kuliko sisi sote pale, ambao kijana mmoja mwanagenzi aliupitisha mashine ya msasa mkali kwa kukata nyuzi za mbao badala ya kuzifuata. Mikwaruzo ilikuwa mirefu, ya mshazari, na kila tulipojaribu kuilainisha ilizidi kung'aa. Mwenye nyumba alishika tu fremu, akasema: "Ye've connached it." Hakupaza sauti. Watu wa huko husema hivyohivyo pesa zikichezewa zikaisha, na hata mtoto aliyedekezwa mpaka tabia ikaoza huambiwa ame-connachiwa. Sasa angalia bahati yetu: Kiswahili kina neno lenye mabega mapana kiasi hicho. Kufuja. Mtu hufuja mali, na fundi hufuja kazi. "Mjomba aliifuja kazi nzima." Hapo sioni cha kuongeza.

Usipokutana na hash kitabuni utakuwa na bahati, maana limejaa. Hash ni haraka. Asili yake ni Kifaransa, neno la kukatakata nyama, na Waskoti wakalipeleka kwenye mtu anayekatakata kazi ili aondoke mapema. Kazi "hashy" ndiyo kazi ya kulipua. Hapa Kiswahili cha mafundi hakina deni kwa mtu.

Lingine ni throughither, ambalo ukilifungua unapata "kupitia mwenzake", yaani vitu vimeingiliana hadi hujui kipi cha wapi. Nyumba huwa throughither, daftari la hesabu huwa throughither, na mtu asiye na mpangilio pia. Liko pia kaskazini mwa Ayalandi, Ulster. Kwa hilo nimekuwa nikitumia shaghalabaghala tangu siku ya kwanza na sijajuta.

SWALI: Mzee shikamoo. Namhudumia bibi wa miaka 88 huko Northumberland. Wiki jana nilikuwa nimekawia jikoni nikipangapanga vikombe, akaniita: "Stop clartin on, hinny." Juzi nimeingia kutoka bustanini, akatazama chini akasema, "Them's clarty, them boots." Nimetafuta kwenye simu, naambiwa clarty ni mchafu. Nimemhudumia mwaka mzima kwa moyo wangu wote. Naona kama ananidharau, na sijui nimjibu nini.

JIBU: Marahaba, na pole binti yangu. Nimeisoma barua yako mara tatu, nikatafuta dharau, sikuiona. Nitakuonyesha ninavyosoma.

"Clarts" ni matope. Na si matope ya aina yoyote: ni yale mazito yanayonata, yanayoganda kwenye soli hadi unakuwa mrefu kuliko ulivyoondoka nyumbani. Clarty ni chochote kilichopakaa tope hilo, au kinachonata kama hilo. Liko Uskoti, liko Northumberland na Durham, na waliozaliwa mashambani huko hulisema kama sisi tunavyosema mvua imenyesha. Alichosema bibi yako juzi ni "Viatu hivyo vina matope." Tazama kilichotajwa: viatu. Wewe hukutajwa.

"Clartin on" ni mtoto wa neno hilohilo, na ametembea mbali kidogo. Anayekandakanda tope mchana kutwa hajengi kitu, basi "clartin on" au "clartin aboot" ikawa kuhangaika na vitu vidogo, kupoteza muda, kuzungukazunguka. Ulikuwa umekawia jikoni. Bibi alikuwa anakuita uje uketi. Mimi ningelifasiri: "Acha kuhangaika, mwanangu," na ile "mwanangu" sikuiongeza kwa huruma yangu. Imo. Ni "hinny". Asili yake ni neno la asali, na huko humwita hivyo mtu wa karibu, hasa mwanamke au mtoto. Mtu mwenye dharau hamalizii sentensi kwa asali.

Kwangu ilikuwa "pet". Nilikuwa napaka rangi nyumba ya shamba, wiki ya mvua tupu, na mjane mwenye nyumba alinitandikia magazeti kutoka mlangoni mpaka kwenye chumba nilichokuwa nafanyia kazi. Magazeti yalipishana vizuri, kila moja limekanyaga ukingo wa mwenzake, kama vigae. Asubuhi ya pili nikasahau, nikaingia kwa mlango wa nyuma. Akasema kutoka kwenye kiti chake: "Divvent fetch yer clarts in here, pet." "Divvent" ni "usi-". Nikarudi nje, nikakwangua soli kwenye chuma kilichowekwa kizingitini kwa kazi hiyo, na niliporudi ndani nikakuta chai imemiminwa. Ndivyo neno lilivyokaa katika maisha yao. Linakuja na chai.

Wana hata methali ya Kiskoti: "The clartier the cosier." Kadiri nyumba ilivyo na uchafuchafu, ndivyo ilivyo na joto.

Lakini nitakuwa nimekudanganya nikisema neno halina makali. Likielekezwa kwa mtu mwenyewe, au kwa nyumba ya mtu, likasemwa pembeni na kwa sauti ya chini, linauma: "clarty hoose" ni nyumba ambayo jirani hatakunywa chai ndani yake. Newcastle utasikia pia "hacky", ambalo kwangu lina uchafu mkavu na mkali zaidi, na Glasgow wana "clatty", hilo nalo si la kumwambia mgeni. Kwa hiyo kila ukilisikia angalia vitu viwili: limetua juu ya nini, na limefungwa kwa neno gani. Lako limetua juu ya viatu, likafungwa kwa asali.

Kesho ukitoka bustanini, vua viatu kizingitini, uvinyanyue avione, umwambie wewe kwanza: "Proper clarty, these." Utaona uso wake.

SWALI: Guddle ni kuvua samaki au ni fujo? Nimeona yote mawili na sielewi yanakutanaje.

JIBU: Yote mawili ni Kiskoti safi. Kule mitoni mtu hulala kifudifudi ukingoni, mikono ya shati imekunjwa hadi mabegani, akaingiza vidole chini ya jiwe au chini ya ukingo polepole sana akitafuta tumbo la samaki aina ya trauti. Hana ndoana wala wavu. Hiyo ndiyo kuguddle. Na guddle ya pili ni vurugu: mezani ni guddle, makaratasi yako "in a guddle", mtu anaguddle kazi, yaani anaipapasapapasa bila mpango. Mimi nilipowahi kuona mtu akifanya ile ya kwanza, maji yalitibuka mara moja yakawa chai, na toka hapo sijapata shida kuiona ya pili. Kwa Kiswahili ya kwanza ni kupapasa, ya pili mvurugano. Na ukiwa unafasiri vitu vyenye nyuzi, kamba au waya, neno lao si guddle, ni fankle, kwa sababu "fank" ni kuzungusha kamba. Nyanda za juu, ambako Kigaeli, lugha nyingine ya Uskoti, kilikuwa na nguvu, rundo la vurugu ni boorach, kutoka bùrach ya Kigaeli.

SWALI: Shikamoo Mzee. Mimi ni mwanafunzi wa isimu. Nilipendekeza kuandika tasnifu juu ya maneno kama haya, mwalimu wangu akaniambia Kiskoti ni Kiingereza kilichovunjika, kwa hiyo msamiati wa kazi mbovu ni Kiingereza kibovu juu ya kazi mbovu. Nimekosa la kujibu.

JIBU: Marahaba. Hilo neno "kilichovunjika" limesemwa juu ya lugha nyingi, na kila mara linasemwa na mtu ambaye hajachunguza. Mpe historia.

Katika karne ya 7 ufalme wa Northumbria ulienea kutoka mto Humber, Uingereza ya leo, hadi hori la Forth, ambako Edinburgh imekaa. Watu wa pande zote mbili walisema Kiingereza cha kale cha aina moja. Mpaka wa Uskoti na Uingereza ulikuja kupita katikati ya watu hao baadaye. Ndiyo sababu clarty na slaister havina pasipoti: viko Aberdeenshire na viko Northumberland. Juu yake wakaja Waviking, waliouteka mji wa York mwaka 866, wakaacha maneno yao kwa maelfu. "Muck", uchafu wa zizi, ni lao. "Midden", jalala la samadi, ambalo siku hizi huitwa pia chumba kichafu na mwenye chumba, ni lao. Kwa hiyo Kiskoti hakikuanguka kutoka Kiingereza cha London kikavunjika. Ni ndugu aliyelelewa nyumba nyingine.

Baada ya muungano wa 1707, waungwana wa Edinburgh walianza kuyaonea haya maneno yao. Mwanafalsafa David Hume mwenyewe alikusanya orodha ya maneno ya Kiskoti ambayo mtu mwenye adabu ayaepuke. Mtazamo wa mwalimu wako ulizaliwa humo.

Mpe basi John Jamieson. Alikuwa mhubiri, na alipokuwa Forfar, mji wa wilaya ya Angus huko Uskoti, aliamini kabisa kwamba Kiskoti ni Kiingereza kilichoharibika. Akakutana na Grímur Thorkelin, mwanazuoni wa Aisilandi aliyefanya kazi Copenhagen, ambaye alikuwa ameandika maneno ya watu wa kawaida aliyoyasikia Angus na kuona ni yaleyale ya kwao. Thorkelin akamkosoa bila kumung'unya maneno. Jamieson akaanza kukusanya. Mwaka 1808 akatoa kamusi ya Kiskoti ya juzuu mbili, na mwaka 1825 nyongeza yake. Yaani aliyeijenga kamusi ya kwanza kubwa ya lugha ile alianza akiwa na fikra za mwalimu wako, akazibadilisha aliposikiliza.

Lakini mtu wa moyo wangu ni Joseph Wright. Alizaliwa 1855 kijiji cha karibu na Bradford, Yorkshire. Akiwa na miaka 6 alikuwa anaswaga mkokoteni wa punda kwenye machimbo ya mawe, akipeleka vifaa vya wachimbaji kwa mhunzi vikanolewe. Akiwa na miaka 7 yuko kiwandani Saltaire, anabadilisha bobini za nyuzi kwenye mashine. Alifika miaka 15 hajui kusoma gazeti, na aliyemfundisha ni yeye mwenyewe. Mchana kiwanda, usiku masomo. Mwaka 1876, na akiba yake mfukoni, akavuka bahari hadi Antwerp na kutoka hapo akatembea kwa miguu hadi Heidelberg, Ujerumani, kwenda kusoma. Baadaye alirudi Heidelberg akapata udaktari hukohuko 1885. Mwaka 1901 alikuwa profesa Oxford. Na yule mtoto wa punda ndiye aliyehariri kamusi ya lahaja za Kiingereza, juzuu 6, zilizotoka kati ya 1898 na 1905, ambamo slaister, clart, soss na wenzao wamepangwa kwa heshima ileile ya neno la bungeni: wilaya gani, maana ngapi, limesemwa vipi. Nadhani unaona kwa nini yeye aliweza. Msomi wa mjini angeandika "chafu" mbele ya maneno 20 akaenda kulala. Aliyekua akichafuka kwa kazi anajua kwamba tope la machimbo si mafuta ya mashine.

Ukihitaji ya karibuni zaidi: Chuo Kikuu cha Leeds, chini ya Harold Orton, kilituma watafiti vijijini kati ya 1950 na 1961, sehemu 313, wakiwa na maswali zaidi ya 1,300, na waliwatafuta hasa wazee wa mashamba. Kwa Kiskoti kuna kamusi ya taifa ya juzuu 10, iliyochukua tangu 1931 hadi 1976. Sensa ya Uskoti ya 2011 ndiyo ya kwanza kuuliza kuhusu Kiskoti, na watu zaidi ya milioni 1.5 walisema wanakizungumza. Na mwaka 2025 bunge la Uskoti limepitisha sheria inayokipa Kiskoti, pamoja na Kigaeli, hadhi rasmi. Andika tasnifu yako. Ushauri mmoja tu: usipange maneno kwa herufi. Yapange kwa kile kilichoharibika, majimaji na majimaji, nyuzi na nyuzi, haraka na haraka, halafu uone ni wapi yanasongamana.

SWALI: Mzee, wana neno lolote la kazi iliyonyooka, au ni lawama tu?

JIBU: Wanayo, tena matamu. Perjink ni mtu au kitu kilichonyooka hadi kwenye pindo, mwenye kujali kila kidogo. Trig ni nadhifu, na asili yake ni neno la Waviking la "mwaminifu", jambo ambalo nimelipenda tangu nilipolijua. Snod ni laini, safi, hakuna kinachochomoza. Liko Uskoti na kaskazini mwa Uingereza. Nililipata mara moja tu, kwa lile dirisha la vioo 12. Msimamizi alipitisha ukucha kwenye mstari ambapo rangi inakutana na kioo, kutoka juu hadi chini, ukucha haukukwama. "Snod," akasema, akaendelea na njia yake.

Na kuna redd up, ambalo halihusiani na wekundu: ni kupanga, kusafisha, kurudisha kila kitu mahali pake. Kila siku, dakika 20 kabla ya kuondoka, msimamizi aliita neno hilo kutoka chini ya ngazi. Turubai linakunjwa na upande mchafu ndani. Mkebe unafutwa mdomo kabla ya kifuniko, la sivyo kesho haufunguki. Brashi zinaoshwa, zinachanwa kwa kitana cha chuma, zinafungwa kwenye karatasi zikiwa bado na unyevu ili nywele zikauke zimenyooka. Yangu aliifungua mara nyingine akaitazama, akairudisha kwenye karatasi, na hapo ndipo tulipopanda gari.